Kulinda Fikira Katika Mji Usiotulia

Maneno yaliyotolewa Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye mafungo ya siku moja ya wafanyakazi na wafanyabiashara, yakaandikwa baadaye kwa ombi la waliokuwapo.

Padri Paroko, wababa na wamama, vijana wetu, Tumsifu Yesu Kristu.

Nimepewa saa moja. Mkuu wa kamati amenionya kwa upole kwamba saa hiyo isinyooshwe, maana kuna wamama humu ndani walioacha maharagwe kwenye jiko la makaa na mtoto wa kuyaangalia ni wa miaka minane. Nitajitahidi.

Mada niliyopewa ni namna ya kutawala fikira na kuziweka mbele ya Mungu siku nzima, siyo Jumapili asubuhi peke yake. Nianze na neno ambalo hamtalisikia kwangu. Siku hizi mjini kuna mahubiri ya namna moja tunayoyasikia sana: mtu anashika maikrofoni mbele ya watu waliolala njaa na kuwapigia kelele, "Acheni mawazo!" Anasema kana kwamba mawazo ni alama ya imani haba, au pepo aliyetumwa na jirani. Mimi siwezi kusema hivyo kwa mama wa mtaa wa Ndosho ambaye mumewe hajapata mshahara kamili tangu benki zifunge milango Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Kodi ya nyumba anadaiwa kwa dola. Akipata noti ya dola ishirini, yule anayedai anaigeuza kwenye mwanga, anaona imepasuka kidogo pembeni, anamrudishia. Mama huyo ana sababu ya kuwaza. Na sisi sote tumejenga kati ya volkano ya Nyiragongo na ziwa Kivu lenye gesi chini ya maji yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikala maduka na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Mtu anayekaa Goma na hawazi chochote, huyo hajaelewa bado anakaa wapi.

Kwa hiyo leo hatuzungumzi namna ya kutokuwaza. Tunazungumza juu ya fikira ipi inapewa siku yako, na nani aliyeipa.

Katika karne ya nne, jangwani Misri, aliishi mmonaki mmoja jina lake Evagri wa Ponto. Alikuwa msomi na shemasi katika mji mkuu wa wakati ule, Konstantinopoli, mhubiri mwenye sifa, mpaka moyo ulipomponyoka kwa mke wa mtu mkubwa, akaona heri akimbie. Alikimbia mbali kabisa. Akafa mwaka 399 akiwa kati ya wamonaki wa Kellia, watu waliokaa kila mmoja katika kijumba chake, kazi ya mikono na zaburi, basi. Hakuna soko, hakuna jirani wa kugombana naye, hakuna redio. Na humo Evagri aligundua jambo linalowashangaza wote wanaodhani wangeomba vizuri kama tu wangepata nyumba yenye ukimya: fikira zilimfuata jangwani. Zilimfuata zote.

Akafanya kazi ya kuziangalia zinavyokuja. Aliziweka katika mafungu manane: ulafi, uasherati, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, majivuno, kiburi. Baadaye Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alizipanga upya, na ndivyo zilivyotufikia katika katekisimu kama vichwa saba vya dhambi. Lakini Evagri hakuanza na dhambi. Alianza mapema zaidi, pale ambapo kitu ni picha tu inayopita kichwani. Na aliandika sentensi ambayo ningependa kila kijana anayejihukumu usiku aijue: kwamba kusumbuliwa na fikira hizi au kutosumbuliwa hakuko mikononi mwetu, kilicho mikononi mwetu ni kama zitakaa au hazitakaa.

Wengi wenu mmebeba mzigo usio wenu. Binti anakuja kwa padri akilia kwa sababu katikati ya rozari alimkumbuka mwanamume fulani. Baba anaona haya kwa sababu alipopewa habari ya msiba wa mdogo wake, kitu cha kwanza kilichomjia ni kiwanja cha marehemu. Fikira imekuja. Haikuomba ruhusa. Bado hujafanya kitu. Kazi yako inaanzia hapo.

Sasa sikilizeni alivyoeleza fikira ya kupenda fedha, kwa maana nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani mtu huyu amewahi kukaa mtaa wetu wa Majengo. Mimi nilitegemea aseme habari za dhahabu na majumba. Hapana. Anasema fikira hiyo inakuja na kukuonyesha uzee mrefu, mikono isiyoweza tena kufanya kazi, njaa zitakazokuja, magonjwa yatakayokupata, uchungu wa umaskini, na aibu ya kupokea kwa wengine vitu unavyohitaji. Hayo tu. Hakuna hata gari moja ndani yake. Ni hofu ya kesho iliyovaa nguo za busara. Kwa hiyo yule mfanyabiashara anayepunguza kipimo cha unga hajioni mwizi hata kidogo, anajiona baba mwenye kujali watoto. Yule afisa anayeomba "kitu kidogo" kabla ya kupiga muhuri anakuambia karo ya shule, tena hadanganyi, karo ipo kweli. Fikira mbaya ya Goma mara nyingi haiji na sura mbaya. Inakuja na daftari la madeni.

Bwana wetu aliijua. Aliposema msisumbukie ya kesho, kwa kuwa yatosha kwa siku maovu yake, hakuwa anawaambia watu wenye akiba. Aliwaambia wavuvi na wakulima chini ya kodi za Waroma. Na hakuwaambia kesho haina maovu. Aliwaambia kila siku ina yake.

Kuna fikira nyingine ambayo Evagri aliieleza kwa ucheshi, na hiyo nataka tukae nayo kidogo kwa sababu katika mahubiri yetu haitajwi sana. Ni ule uchovu wa roho. Anasema unamvamia mmonaki kuanzia saa nne hivi mpaka saa nane mchana. Jua linaonekana limesimama. Siku inakuwa na saa hamsini. Mtu anatoka nje ya kijumba chake kuangalia jua kama saa tisa imekaribia, maana saa tisa ndiyo ya kula, kisha anaangalia huku na huku kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Halafu anaanza kuchukia mahali alipo, kuchukia kazi ya mikono, kuona upendo umeisha kati ya ndugu, na kukumbuka sehemu nyingine ambako maisha yangekuwa rahisi.

Toeni kijumba, wekeni ofisi isiyo na umeme, au meza ya kubadilisha pesa Birere siku wateja hawapo. Toeni kuangalia jua, wekeni simu. Saa nane mchana kijana ameketi kwenye moto yake, pikipiki ya abiria, kwenye kituo, hana mteja, ana mega kidogo za intaneti zilizobaki, anapandisha kidole na kukishusha. Anaangalia picha za rafiki aliyefika Kanada. Anaangalia harusi ya mtu asiyemjua. Akimaliza, mji wake unamchukiza, mke wake anamchukiza, parokia inamchukiza, na hajui kitu gani kimetokea, kwa sababu hakuna kilichotokea. Hakutenda dhambi yoyote ambayo angeweza kuitaja kwenye kitubio. Alikaa tu. Lakini akirudi nyumbani jioni mtoto akamwangushia kikombe, kofi linatoka haraka.

Niseme wazi ninavyoona: hii fikira ya saa nane inaharibu nyumba nyingi zaidi mjini mwetu kuliko hizo nyingine tunazozipigia kelele. Na dawa ambayo wazee wa jangwani waliitoa haina utukufu wowote. Walisema: kaa. Usiondoke hapo ulipo saa hiyo. Fanya kitu kwa mikono, hata kidogo. Kijana wa moto asafishe mnyororo. Mama apange nyanya upya. Na usikate shauri lolote kubwa kati ya saa nne na saa nane. Usivunje uchumba saa hiyo, usiache shirika saa hiyo, usimwandikie bosi ujumbe saa hiyo.

Majivuno nitayapita haraka, kwa sababu mnaangaliana. Evagri anasema fikira hiyo inamchorea mmonaki umati mlangoni, watu wanamshika vazi, wagonjwa wanapona, na mwisho anakuja kufungwa kamba na kupelekwa akafanywe padri kwa nguvu, yeye akikataa kwa unyenyekevu! Mtu yuko peke yake kijumbani, anaosha bakuli, na kichwani tayari ana jimbo. Wanakwaya mnaelewa. Sisi tunaopewa maikrofoni tunaelewa pia.

Haya, zikija tufanye nini?

Ndugu zangu, mwaka 2025 Goma ilipata jibu lenye jina. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa mwaka 1981. Alisoma sheria, alikuwa wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, na wengi wa umri wangu mnakumbuka jinsi jumuiya ile ilivyokaa na maibobo, watoto wa mitaani, kuwafundisha na kula nao. Kazi aliyopata ilikuwa OCC, ofisi ya kukagua bidhaa, na yeye aliwekwa upande wa vyakula vilivyoharibika. Alitakiwa apitishe chakula kibovu kilichokuwa kinavuka mpaka. Akapewa pesa. Akakataa. Wakamrudia, na wakubwa wakaingia katika habari hiyo. Akakataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko alipozungumza na vijana Kinshasa Februari 2023 alimtaja kwa jina, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri kule Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Mimi sijui alichowaza siku ile, na sitamwekea maneno mdomoni. Nataka tuangalie kazi yake. Mkaguzi wa bidhaa hachagui lori gani lifike mpakani. Malori yanafika tu, usiku na mchana, mazuri na mabovu, na mengine yamepakiwa vizuri juu ili ubovu ukae chini. Hakuna anayemlaumu mkaguzi kwa sababu lori bovu limefika. Kazi yake ni kulifungua, kuingiza mkono mpaka kwenye magunia ya chini, kusoma tarehe, kuuliza limetoka wapi na mzigo unaenda kuliwa na nani. Kisha anaandika: lipite, au lisipite. Na mkaguzi anayeanza kufikiria bei yake baada ya bahasha kuwekwa mezani, amekwisha kushindwa. Bei yake lazima iwe imejulikana nyumbani, asubuhi, kabla hajavaa viatu.

Hapo ndipo penye neno langu lote la leo, na mengine ni maelezo tu. Nidhamu ya fikira haifanywi saa ya jaribu. Saa ya jaribu inaonyesha kilichofanywa kabla. Yule kijana alikuwa na sala zake, jioni baada ya jioni, na jumuiya yake, na watoto wake wa mitaani wenye majina. Chakula kile kingeliwa na watoto wenye majina. Ukiuliza mzigo unaenda kuliwa na nani, fikira nyingi zinajihukumu zenyewe.

Tuje kwenye mambo ya kufanya, maana kuna mtu hapa mbele ameanza kuangalia saa.

Wazee wa jangwani walizijibu fikira kwa sauti, kwa maneno ya Maandiko, kama Bwana alivyomjibu Shetani kule nyikani: imeandikwa, imeandikwa, imeandikwa. Hawakubishana nazo. Kubishana na fikira ni kuipa kiti na chai. Mwanafunzi mmoja wa njia hiyo, Yohane Kasiano, alileta mapokeo hayo Ufaransa ya kusini katika karne ya tano, na kati ya maneno yote ya Biblia aliwapa watu mstari mmoja wa kubeba mchana na usiku: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Ni mwanzo wa Zaburi ya 70. Anasema mstari huo unafaa ukiwa na njaa, ukiwa na hasira, usingizi ukikataa, sifa zikikupanda kichwani. Nimeupenda kwa sababu ni mfupi na kwa sababu hauna uongo. Hausemi "niko sawa". Unasema nisaidie, tena haraka. Unaweza kusemwa nyuma ya moto kati ya Katindo na Himbi, vumbi likiwa mdomoni. Unaweza kusemwa kwenye foleni ya Petite Barrière, mpaka wa kwenda Rwanda, ukiwa na jetoni yako, kibali cha kuvuka, mkononi na mtu anakusukuma kwa kikapu.

Chagueni mstari mmoja. Mmoja. Anayechagua kumi hatakuwa na hata mmoja siku ya shida.

Pili, saa. Kanisa lilitupa kengele ya sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni, na sisi tumeiacha ibaki ya watawa. Tazameni ndugu zetu Waislamu wa mji huu: mtu anauza simu, saa inafika, anafunika meza kwa kitambaa, anaswali, anarudi, na mteja amemngoja. Hatusemi hawana mawazo. Wana madeni kama yetu. Lakini mara tano kwa siku kazi inaambiwa kwamba yenyewe siyo Mungu. Mwalimu wao Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika sana juu ya mtu kujihesabu nafsi yake jioni kama mfanyabiashara anavyohesabu na mshirika wake. Sisi tunashindwa hata na mara tatu, na kila "Malaika wa Bwana" haifiki dakika tatu.

Kujihesabu huko jioni sisi tunako pia. Wale waliosoma shule ya Alfajiri kule Bukavu kwa Wajezuiti wanajua. Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wao, alikuwa mwanajeshi. Mwaka 1521 risasi ya mzinga ilimvunja mguu huko Pamplona. Akalala kitandani nyumbani kwao wiki nyingi, akaomba hadithi za mashujaa na mabibi, hazikuwapo, akaletewa maisha ya Kristu na ya watakatifu. Basi akawa anaota ndoto za mchana za aina mbili: mara anajiona shujaa mbele ya bibi wa kifalme, mara anajiona akienda Yerusalemu kwa miguu kama watakatifu. Zote mbili zilikuwa tamu alipokuwa ndani yake. Tofauti aliiona baadaye. Za kwanza zikiisha zilimwacha mkavu, za pili zikiisha zilimwacha na furaha iliyobaki. Tangu hapo akajifunza kuulizia ladha inayobaki, na akawafundisha wenzake kusimama mara mbili kwa siku na kupitia saa zilizopita.

Nawapa mfano. Umerudi nyumbani, umekula, watoto wamelala, umeme umekatika kama kawaida. Usiwashe simu. Anza na shukrani kwa kitu cha leo chenye sura: yule motari, dereva wa pikipiki, aliyekurudishia chenji uliyoisahau. Kisha rudi nyuma polepole. Saa mbili ulikuwa mwepesi. Saa nne ulisikia jina la shemeji yako likitajwa. Saa sita ulikuwa unamjibu shemeji kichwani, na yeye hayupo. Saa nane ulimjibu mteja kwa ukali. Unaona kamba ilivyofungwa? Yule mteja hakukukosea, alimlipia shemeji. Ukiiona mara mbili, mara tatu, kesho jina la shemeji likitajwa utashtuka mapema na mstari wako utakuwa karibu. Dakika kumi zinatosha. Kabla ya kulala mwombe Mungu msamaha kwa lile moja, na asubuhi umtafute mteja.

Kuna watafiti wawili wa Harvard, Killingsworth na Gilbert, waliochapisha mwaka 2010 uchunguzi wa watu 2,250, wengi wao Wamarekani, waliokuwa wakiulizwa kwa simu saa yoyote: unafanya nini sasa, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu asilimia 47 ya nyakati akili za watu hazikuwa kwenye kile walichokuwa wanafanya. Na walipokuwa mbali kimawazo hawakuwa na furaha zaidi, hata pale waliposema wanawaza mambo mazuri. Sikuwaletea hiyo ili sayansi iithibitishe Injili. Injili haina haja ya barua ya mdhamini. Nimewaletea ili msidhani ni nyinyi peke yenu, na msidhani kwamba mwenye umeme na mshahara amepona ugonjwa huu.

Juu ya simu nina neno moja kali. Tunakumbuka Mei 2021, siku zile baada ya lava, ardhi ikitetemeka kila saa. Tarehe 27 amri ya kuhama ilipotolewa, watu wakaelekea Sake, wengine Gisenyi, wengine kwenye boti za Bukavu. Ilikuwa hatari ya kweli. Lakini juu ya hatari ya kweli tuliongeza ya kwetu: sauti za WhatsApp zilizotumwa na mtu aliyesikia kwa mtu, ziwa linalipuka saa fulani, volkano nyingine imefunguka mahali fulani. Radio trottoir, uvumi wa barabarani, iliwachosha watu kuliko njia. Na katika miezi ya vita ya mwaka 2025 ilifanya hivyohivyo. Mkristu anayetuma sauti asiyoijua imetoka wapi ameingiza mzigo mbovu katika vichwa vya watu ishirini. Taarifa ya volkano ina ofisi yake, OVG, kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma. Nyingine zina wenyewe. Kama huwezi kusema nani ameona, na aliyepokea atafanya nini kwayo, ikae kwako ife.

Niseme na jambo moja kwa uzito, kabla hamjaenda kuniharibia jina. Kuna fikira ambazo haya yote hayatoshi. Mtu aliyelala chini ya kitanda na watoto wake Januari 2025 huku risasi zikipita, akashtuka mpaka leo mlango ukigongwa. Mama anayeiona ile siku upya, harufu na yote, akiwa anachuja unga. Huyo hakukosa nidhamu. Ni jeraha, hata kama halina bandeji. Msimwambie aombe zaidi. Muombeeni nyinyi, na mumpeleke kwa mwanasaikolojia, kwenye kituo cha afya, au kule Tulizo Letu ambako Mabruda wa Mapendo wanashughulika na magonjwa ya akili bila kumcheka mtu. Mwanamke wa Injili aliyetokwa damu miaka kumi na miwili alikuwa amekwenda kwa waganga wengi, na Yesu hakumgombeza kwa kwenda.

Nilipomaliza hapo, maswali yalianza.

Kijana mmoja aliuliza kwa nini mawazo yanamzidi hasa anapoanza kuomba. Nilimjibu kwamba hayazidi. Mchana kutwa yalikuwapo, ila kelele ziliyafunika. Asiyafukuze kwa hasira. Kila anapogundua amekwenda mbali arudi kwenye neno la sala alipoliacha, hata akirudi mara thelathini katika fungu moja la rozari. Mungu anapokea kule kurudi. Hiyo ndiyo sala yake kwa siku hiyo, asiidharau.

Baba mmoja, mzee wa shirika, alisema: "Mwalimu, wewe unasema tukague kila fikira. Tutapata wazimu." Watu walicheka, lakini amesema kweli. Kuna watu wenye dhamiri inayowatesa, wanaofungua kila gunia hadi usiku wa manane. Hao wasikague. Wamweleze padri mmoja, wamtii huyo mmoja, wakalale. Na kwa sisi wengine, si kila fikira ni mgeni wa kushuku. Kufikiria bei ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kesho ni kazi. Kupanga karo ni upendo. Tunakagua zile zinazorudi bila kazi.

Wa mwisho alikuwa mama muuzaji wa soko la Virunga. Anatoka nyumbani giza, anarudi giza, na akifika hakuna dakika kumi, kuna watoto sita na bidoni za maji tupu. Aliuliza hizo nyakati tatu za sala atazitoa wapi. Nilimwambia asizitafute, azitundike kwenye kitu anachofanya tayari. Anapofungua meza asubuhi anafunua kitambaa: hapo aseme mstari wake. Anapohesabu pesa ya kwanza ya mteja wa kwanza, amtaje mteja huyo kwa Mungu. Anapofunga, huku anakunja kitambaa, apitie siku yake: leo nani nilimjibu vibaya? Akauliza, "Na kesho yake nimwombe msamaha mbele ya wenzangu?" Nikasema ndiyo, kama alimjibu mbele yao. Akasema hilo ni gumu kuliko sala. Nikakubaliana naye.

Sasa, kabla ya chakula tunaingia kanisani nusu saa. Simu zote zitabaki kwa katekista hapa mlangoni, kwenye beseni lile la bluu. Mwenye mgonjwa hospitalini amwambie jina, atakuja kumwita.